Plagi ya Ugenini

Mtu akidumu kwenye kazi moja, watu humvua jina alilopewa na wazazi wake wakamvika jingine. Yeye walimvika Stika. Kazi yake ilikuwa kupima usalama wa vifaa vya umeme, vile vya kubeba mkononi: pasi, feni, birika, taa za mezani, mashine za kutobolea kuta. Aliingia maofisini na mahostelini na sanduku la mashine yake ya kupimia, akachomeka, akabonyeza, akasoma, na kifaa kikipita alikibandika stika ya kijani. Kikishindwa alikibandika nyekundu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana binadamu atakubali yeye mwenyewe ni mbaya kabla hajakubali pasi yake ni mbaya. Vijana wa hosteli walisema kila kitu nyumbani kwa Stika kimebandikwa, hadi mkewe. Mkewe aliposikia mzaha huo alijibu kwamba yeye bado anasubiri majibu.

Hosteli ya wanafunzi ndiyo iliyomtoa jasho zaidi. Wakazi wake walitoka huku na huko, na vifaa vyao vilikuja na plagi za kila sura: pini bapa, pini za mviringo, pini zilizolala upande. Soketi za ukutani zilikuwa za aina moja tu, basi kila chumba kilijaa adapta, vile vidude vya katikati vinavyoipa plagi ya ugenini njia ya kuingia ukutani. Wenye vyumba walipenda kumletea kifaa peke yake, adapta wameiacha juu, wakitaka atumie ile ya kwake mpimaji, iliyo nzuri na safi. Stika aliwarudisha.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Adapta yake. Hawa ni mke na mume, mimi siwapimi mbalimbali. Mbele ya wageni kila mtu ni malaika. Nataka kujua wakiwa ndani ya nyumba wanaishije."

Wanafunzi walicheka, wakapanda ngazi kuifuata. Lakini mzaha ule ulikuwa na shina. Pasi nzima, yenye waya wake wa ardhi mzima, ikipimwa kwa adapta ya Stika inapita bila shaka yoyote. Ichomeke sasa kwenye adapta ya matundu mawili iliyonunuliwa kando ya barabara, na ule waya wa ardhi unafika pale unaishia, hauna pa kushika. Pasi inapata moto vilevile, shati linanyooka vilevile, mwenyewe hajui lolote. Siku waya wa ndani ukichubuka ukagusa bati, umeme ambao ungekimbilia ardhini na kukata fyuzi unabaki juu ya bati unamngoja mtu. Stika aliyaeleza hayo kwa kila aliyetaka kusikiliza na kwa wengi ambao hawakutaka. Kwenye jambo hilo hakuwa na dogo.

Isipokuwa nyumbani kwa mama yake.

Mama alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya magari ambako nyundo ziligonga mabati tangu asubuhi. Jikoni kwake kulikuwa na birika la umeme la bati linalong'aa, tumbo pana, mdomo mfupi. Plagi yake ilikuwa ya ugenini, pini mbili nene za mviringo, na waya wa ardhi ulitokea kwenye vibati viwili vya ubavuni. Adapta yake ilikuwa ya matundu mawili tu. Kila mwaka Stika alifika na sanduku lake, akalipima birika kwa adapta yake mwenyewe, ile nzuri, likapita, akabandika stika ya kijani juu ya ile ya mwaka uliopita. Kisha akalirudisha kwenye adapta ya matundu mawili, wakanywa chai. Jambo ambalo angemfukuzia mwanafunzi yeyote, yeye alilifanya kwa mkono wake, tena akalitia sahihi.

Birika lilikuwa la kaka yake.

Kaka alikuwa mtu wa kuchangamsha nyumba. Utotoni yeye ndiye aliyefungua redio za watu na Stika ndiye aliyezifunga, huku mmoja akicheka na mwingine akilia kwa hofu ya kuchapwa. Ukubwani alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi kwenye ghala la mizigo, na likizo yake ya mwisho alilileta birika lile ndani ya begi, amelifunga kwa suruali zake. Mama alilipenda papo hapo. Akamwambia Stika aikate plagi ile ya ajabu afunge ya kawaida, na Stika alikuwa ameshashika plaisi ya kukatia waya, Kaka akaruka.

"We, acha! Nimelileta mama alionje tu. Mwakani nikija naondoka nalo. Kule nimepata chumba kipya, hata kikombe sina."

"Unampa mama yako birika la kuazima?" mama akamuuliza. "Kumbe mkono wa birika ni wewe mwenyewe!"

Wakavunjika mbavu wote watatu. Kaka akatoa mfukoni adapta yake ya matundu mawili, iliyochakaa kwa safari, akamwonyesha mama namna ya kuichomeka.

Mwaka huo haujafika, ikaja simu. Makreti yalimwangukia ghalani. Wenzake walimzika hukohuko kwa kuwa kumsafirisha kulishindikana, na kilichorudi nyumbani ni begi la nguo. Simu ile aliipokea Stika, na ndiye aliyekwenda kumwambia mama. Mama alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiendelea kutenga mawe, kisha akauliza jambo moja.

"Nani ameuona mwili?"

Ndugu walikuja wakakaa msibani, na mama akawapikia, akawatandikia, akawapa pole wao kana kwamba msiba ni wao na yeye ni jirani mwema. Hakutoa chozi. Walipoondoka alizifua nguo za begini, akazipiga pasi, akazikunja ili mwenyewe akija asizikute zinanuka sanduku. Birika alilifuta likang'aa. Akasema plagi isiguswe, mwenye nalo ataihitaji.

Wake wa ukoo walinong'ona kwamba mama amechanganyikiwa. Wapi! Mama alijua siku ya wiki, alijua nani anamsengenya na kwa maneno gani, na kwenye kuhesabu chenji hakuna muuzaji aliyempiga chenga. Mahali pamoja tu palikuwa pamefungwa, na Stika alijua ufunguo wake ni upi. Kuikata plagi ile ilikuwa ni kumwambia mama kwamba mwanawe harudi, na mwenye plaisi katika familia alikuwa yeye. Alimhurumia mama. Alijihurumia na yeye pia, ingawa hilo hakumwambia hata mkewe: katika nyumba ile, birika likiwa linachemka, kaka yake alikuwa amesafiri tu.

Si kwamba hakujaribu. Wakati mmoja alimletea mama adapta madhubuti, yenye vibati vya kuushika waya wa ardhi. Mama aliigeuza mkononi, akaisifu sana, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini.

"Mbona unaificha, mama?"

"Naificha nini? Kaka yako atakuja na vitu vingine vyenye plagi kama hii. Atavichomeka wapi?"

Tangu siku hiyo Stika akawa anatoa masharti badala ya dawa. Usilishike likiwa limechomekwa, mama. Vaa ndala. Zima ukutani kwanza, chomoa, ndipo umimine. Mama aliyafuata masharti hayo neno kwa neno, hata alipokuwa na haraka, na Stika akajidanganya kwamba mambo yako sawa. Lakini masharti alikuwa nayo mama peke yake. Ukutani hayakuandikwa. Kwenye birika kilichoandikwa ni kwamba limepimwa na ni salama.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, alikaa Mama Pacha. Huyu ndiye aliyekuwa miguu ya mama siku ambazo magoti yaligoma. Alimletea mboga, alimpigia deki, alimpa habari za mtaa pamoja na chumvi yake juu. Mama alimgombeza kutwa na hakuweza kukaa bila yeye.

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa anapiga deki jikoni, pekupeku, sakafu imelowa. Mama alikuwa chumbani anatafuta miwani. Birika lilikuwa linachemka ukingoni mwa meza, na Mama Pacha, kwa wema wake uleule, akaona litaanguka. Akalisogeza kwa mkono, na mkononi ana tambara bichi.

Mama alisikia kishindo, kisha hakusikia kitu. Alipofika mlangoni alimkuta mwenzake chini, birika limepinduka, maji ya moto yanatiririka kuelekea upande wa pili. Hakumgusa. Alipita ukingoni mwa ukuta na ndala zake, akazima swichi, ndipo akapiga magoti pale kwenye maji na kuanza kumwita jirani yake kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea.

Stika alikuwa hosteli, anabishana na mwanafunzi juu ya adapta, simu ilipolia. Aliacha sanduku wazi mezani.

Alimkuta Mama Pacha ameketi kizingitini, hai, uso umepauka, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa na umevimba. Shoti ilimtupa na kifundo cha mkono kikagonga sinki. Alipomwona Stika alianza kujitetea, kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

"Mimi sikulishika ovyo, kaka yangu. Niliangalia kwanza. Lina stika yako."

Stika alitamani mwanamke huyo amtukane. Angemtukana mbele ya mtaa mzima, ingekuwa nafuu. Alimpeleka hospitali, akakaa naye kwenye benchi, akamsikia akimweleza muuguzi kwamba lile birika ni zuri, limepimwa na fundi mwenyewe, ni bahati mbaya tu. Daktari alimfunga mfupa, akausikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akasema wamshukuru Mungu, wapo wanaoletwa kwa jambo kama hili na hawawezi tena kukaa kwenye benchi. Mama Pacha akamgeukia Stika na kumwambia asihuzunike. Stika akatoka nje akasimama kwenye varanda, akauma kidole mpaka alipoweza kurudi ndani.

Aliporudi kwa mama, akiwa amepitia hosteli kuchukua sanduku lake, jua lilikuwa limeanza kulegea. Mama alikuwa amekausha sakafu peke yake na magoti yale. Birika lilikuwa juu ya meza limeinamishwa, waya wake umekunjwa vizuri, pini zake za mviringo zimetazama juu.

"Mkono umevunjika?"

"Umevunjika. Utapona."

"Na yeye?"

"Anacheka. Unamjua."

Stika alilifungua kitako kwa bisibisi. Hakutafuta sana. Pale waya unapoingia, ganda lake lilikuwa limechubuka kwa kuvutwa kila siku, na shaba ilikuwa imelala juu ya bati. Birika lingekuwa na njia ya ardhi, fyuzi ingekatika mara moja, chai ingechelewa, na mama angempigia simu kumlalamikia. Hicho tu ndicho kingetokea. Aliiwaza hiyo simu ya lawama ambayo hakuipata, akaona ingekuwa tamu.

Mama alivuta kigoda akakaa karibu. Marehemu mumewe naye alikuwa fundi, kwa hiyo macho yake yaliwahi kufika kwenye ubovu.

"Ni hapo palipochubuka?"

"Hapo."

"Si padogo? Kata hapo tu, uunge upya. Waya utapungua kidogo, basi."

Na ingewezekana. Kipande kile kingekatwa, waya ungefungwa upya, birika lingepona na plagi yake ingebaki ilivyo. Angerudi kwake na amani, na mama angelala. Stika alilifikiria jambo hilo sana kuliko anavyopenda kukiri, akiwa ameshika plaisi.

"Nitakata hapo, mama. Na plagi nayo naikata. Nafunga ya hapa."

Mama aliweka viganja vyake kwenye tumbo la birika, bati likiwa limepoa.

"Akija je?"

Swali hilo Stika alikuwa ameshalijibu mara nyingi. Tutaona, mama. Akija tutafunga nyingine, mama. Majibu yote yalikuwa mdomoni, yamezoea njia, yanasubiri kutoka tu. Alijikaza kisabuni.

"Haji, mama. Kaka amekufa. Mimi ndiye niliyezungumza na waliomzika."

"Hukuuona mwili."

"Sikuuona. Wala sitauona. Na wewe pia hutauona."

Karakana ilikuwa imefunga, hata nyundo hazikuwapo za kuwasaidia. Mama alitazama sakafu ya jikoni, pale alipoangukia jirani yake asubuhi.

"Leo Mama Pacha angekufa ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo."

"Kwa birika la mwanangu."

"Kwa stika yangu, mama. Birika halina kosa, na Kaka hana kosa. Nililijua. Kila mwaka nililijua, nikabandika."

Alidhani atafukuzwa. Mama alikuwa na ulimi, angeweza kumchana vipande na angekuwa na haki. Badala yake alinyoosha mkono, akaushika waya upande wa plagi, akauvuta ukanyooka vizuri ili plaisi ipate pa kuuma.

"Kata basi," alisema. "Usinitazame."

Alikata. Plagi ilibaki mkononi mwa mama na mkia mfupi wa waya. Aliiweka mezani, mbali kidogo na yeye, hakuiangalia tena. Stika alifunga waya upya, akafunga plagi ya pini tatu, akaubana ule wa ardhi, wa kijani na njano, mahali pake. Alilipima kama linavyochomekwa, bila adapta ya mtu yeyote katikati. Likapita. Juu yake hakubandika stika mpya, mkono ulimkatalia. Zile za zamani alizibandua zote kwa ukucha, tabaka moja baada ya jingine, gundi ikimganda vidoleni, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko ya waya.

Jioni mama aliandaa chakula. Stika alimpigia mkewe akamwambia asimngoje, wakakaa wawili mezani, sahani zinafuka moshi. Mama alikuwa mtu wa kuomba kwa sauti kabla ya kula, na maombi yake yalikuwa na safu zake ambazo watoto walizijua kwa moyo: kwanza walio safarini, kisha wagonjwa, mwisho waliotangulia. Miaka yote hiyo, wa kwanza kutajwa alikuwa Kaka, alindwe njiani, alindwe kazini, arudi salama. Stika alikuwa amezoea kuitikia huku jicho moja liko kwenye chakula.

Mama alifumba macho.

"Walio safarini," alianza, na sauti ikasimama.

Stika alifumbua macho, akaona midomo ya mama inacheza, inalitafuta jina na kulirudisha.

"Hakuna," mama alisema taratibu. "Safarini sina mtu."

Akamtaja Mama Pacha, mkono wake uungane vizuri, pacha wake wasihangaike. Akawataja wagonjwa wa mtaani mmoja mmoja, hakumsahau hata yule asiyemsalimia. Kisha akafika kwenye safu ya mwisho.

"Na waliotangulia. Baba yangu. Mama yangu. Mume wangu. Na mwanangu."

Zamu ya kuitikia ilikuwa ya Stika. Alifungua mdomo aseme amina, na kilio kikamtoka badala yake, kilio kikubwa kisicho na adabu, cha mtu mzima aliyekaa nacho tangu siku ya ile simu. Mama aliisogeza sahani yake pembeni isimwagike, akamvuta kichwa kifuani kwake, ndipo na yeye akaanza kulia.